Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Pampu Zinazopandisha Maji Vilimani

Saa 10:15 alfajiri. Mzee wa zamu ya usiku hapigi simu kwa jambo dogo. Alipoitikia shikamoo yangu alisema moja kwa moja, “Binti yangu, pampu namba mbili inalia upande wa nyuma, beringi imefika nyuzi 93, nimeizima.” Uamuzi huo wa kuizima bila kusubiri ruhusa ndio uliookoa siku nzima, kwa sababu beringi ikiachwa izunguke mpaka ikwame huiharibu na shafti, yaani mhimili unaozunguka ndani ya pampu, na shafti ya pampu kubwa haipatikani dukani, huchongwa upya au huagizwa nje, na muda wa kuisubiri huhesabiwa kwa wiki.

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili: Ruvu Chini, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu, wenye uwezo wa lita milioni 196. Maji yakishasafishwa husafiri makumi ya kilomita ndani ya mabomba makubwa, lakini jiji hili linaanzia ufukweni na kupanda kuelekea vilima vya magharibi, hivyo wakazi wa miinuko hawafikiwi mpaka kituo kama chetu kiyasukume maji hadi kwenye tangi lililo juu yao. Kituo chetu kina pampu tatu. Mbili hufanya kazi na moja huwa ya akiba, na hiyo ya akiba ilikuwa imekwisha kufunguliwa ikisubiri vipuri. Kwa hiyo tulibaki na pampu moja.

Saa 11:30 alfajiri. Kazi ya kwanza haikuwa kushika spana. Nilikaa na msimamizi wa mtandao wa mabomba tukaamua ni vali zipi zibanwe ili tangi lisikauke. Wengi hudhani tunabana maji kwa ubahili, kumbe bomba likibaki tupu hunyonya: kila mahali palipovuja, maji machafu ya ardhini huingia, na hali huwa mbaya zaidi pale ambapo watu wameunganisha pampu za nyumbani moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ni afadhali maji membamba yanayoendelea kutiririka kuliko bomba kavu. Boza la kwanza tulilielekeza hospitali, kwenye huduma ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo, ambako mgonjwa mmoja anayesafishwa kwa saa nne huhitaji zaidi ya lita 100 za maji. Hilo halijadiliwi.

Saa 1:00 asubuhi. Kaka yetu wa umeme alikata moto wa pampu namba mbili, akafunga swichi kwa kufuli na kutundika kibao chenye jina lake, kisha ufunguo akautia mfukoni. Tulifunga vali za pande zote mbili, tukamwaga maji yaliyobaki, tukashusha cheni ya winchi na kuinua ganda la juu.

Saa 3:00 asubuhi. Beringi ilitoka vipande vipande, na grisi yake ilikuwa imegeuka nyeusi. Ingekuwa rahisi kuweka mpya na kufunga, lakini beringi haifi bure, na fundi asiyeuliza kilichoiua ataitwa tena kabla ya mwezi kwisha. Tulikagua msingi wa zege na kukuta boliti mbili za kushikilia pampu zimelegea. Kijana wetu wa mafunzo aliuliza chuma kizito namna ile kinalegezwa na nini, nami nilifurahi kwamba ameuliza.

Jibu ni pigo la maji. Mapema wiki hii umeme ulikatika ghafla, pampu zikasimama papo hapo, na maji yaliyokuwa yakipanda mlimani yakageuka kurudi. Vali ya kuzuia maji kurudi nyuma inapaswa kujifunga taratibu kabla hayajashika kasi, ila yetu ilichelewa na kujibamiza. Ndani ya bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda kwa kasi ya mita 1 tu kwa sekunde huweza kuongeza presha kwa karibu baa 10, yaani karibu mara kumi ya presha ya hewa ya kawaida, na mshtuko huo husafiri kwa takriban kilomita moja kwa sekunde ukitafuta mahali dhaifu. Safari hii ulizikuta boliti. Boliti zikilegea, pampu huhama kidogo kutoka kwenye mstari wa mota, na mzigo wote wa kupinda huangukia beringi. Mtetemo ambao mzee aliusikia usiku ulikuwa mwisho wa safari hiyo.

Saa 5:00 asubuhi. Beringi mpya haipigwi nyundo. Tuliipasha moto kwa mashine hadi karibu nyuzi 110 ili itanuke, tukahakikisha haivuki 120 kwa sababu chuma chake kingepoteza ugumu, kisha tukaitelezesha kwenye shafti kwa glavu na kuishikilia mpaka ikapoa na kubana yenyewe. Hapo mikono inapaswa kuwa safi kama ya mpishi, maana punje moja ya mchanga ndani ya beringi inatosha kuharibu kazi yote.

Saa 7:00 mchana. Tulipokuwa tukila wali na maharage, mama mmoja alifika getini na madumu matupu. “Mwanangu, tuambieni ukweli, yanarudi saa ngapi?” Nilimwambia kwamba pampu itawaka jioni, lakini nyumba za juu kabisa zisitegemee maji kabla ya usiku wa manane. Hakufurahi, ila alishukuru, akaenda kuwaarifu majirani. Mimi naamini mwananchi anayepewa saa ya kweli, hata iwe mbaya, huweza kupanga siku yake. Anayeambiwa “muda si mrefu” huacha shughuli zake na kukaa akiisikilizia koki.

Saa 8:00 mchana. Simu kutoka ofisini ilitaka tuwashe kwanza, kisha suala la kunyoosha mstari lifanyike usiku. Ninaielewa presha iliyo juu ya viongozi wetu, kwani malalamiko yote huishia kwao. Nilijibu, “Mkuu, naomba saa mbili. Nikiwasha sasa, kesho nitakupigia alfajiri.” Alinipa. Tulikaza boliti upya, tukafunga geji kwenye kaplingi, kiungo kinachounganisha shafti ya mota na ya pampu, na kuizungusha kwa mkono, tukiongeza na kupunguza vibati vyembamba chini ya miguu ya mota, mpaka tofauti kati ya shafti mbili ikashuka chini ya milimita 0.05. Mashine inayozunguka mara 1,480 kwa dakika haisamehe zaidi ya hapo. Wakati huohuo wenzetu walisafisha bawaba ya ile vali na kurekebisha uzito wake ili ijifunge mapema.

Saa 10:40 jioni. Tuliijaza pampu maji, tukatoa hewa yote, tukaiwasha huku vali ya kutokea maji ikiwa imefungwa, halafu tukaifungua kidogo kidogo. Waliokuwa nje walishangilia waliposikia mlio wake, na mimi nilifurahi pamoja nao, ingawa sehemu hatari ilikuwa ndiyo inaanza. Bomba lililoingiwa na hewa likijazwa kwa haraka, hewa hubanwa na kupasua viungo, ndipo mtaa ambao haukuwa na shida yoyote asubuhi hujikuta una bomba lililopasuka usiku. Mafundi wa mtandao walipita kila vali ya kutolea hewa, wakafungua na koki za kusafishia mpaka tope likaisha.

Saa 2:30 usiku. Sampuli kutoka koki za mitaani zilionyesha klorini ya miligramu 0.4 kwa lita, juu ya kiwango cha chini cha 0.2, na maji yalikuwa meupe. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja nikiomba vipuri vya pampu namba tatu viletwe wiki hii na vali ile ifungwe kidhibiti cha kuipunguzia kasi ya kujifunga. Zamu ya usiku nimeiachia maelekezo ya kupima joto la beringi kila nusu saa hadi asubuhi, na likivuka nyuzi 75 waizime bila kumsubiri mtu.