Kabla ya Kulaumu Kabureta

Injini yangu ya zamani ya ndege ya mfano ilinihangaisha mchana kutwa: ilikuwa ikinguruma vizuri chini, lakini kila nilipoinua pua ya ndege juu ilikata pumzi na kuzima. Nilizungusha sindano kuu ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), ile inayopima mafuta ya kasi kubwa, hadi vidole vikachoka, kumbe mpira wa mafuta ulio ndani ya tangi ulikuwa na tundu dogo kama la sindano ya kushonea, ukifyonza hewa pamoja na mafuta. Tangu siku hiyo nakagua mpira, tangi na plagi kwanza.

Marekebisho huanzia kwenye kasi kubwa. Kabureta ikiwa wazi kabisa, punguza mafuta kwa sindano kuu mpaka mlio ufikie kilele, kisha uifungue kidogo, kwa kuwa injini yenye mafuta haba hupata joto kupita kiasi na kujiharibu.

Kasi ndogo ndiyo yenye mitego. Injini ikiunguruma polepole, bana mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye injini: ikizima papo hapo, mafuta ni machache, ikiongeza kasi kwa muda mrefu kabla ya kuzima, yamezidi. Hapo wengi hukosea, kwa sababu kabureta nyingi za zamani zina tundu la hewa badala ya sindano ya pili ya kupima mafuta ya kasi ndogo, na kukaza skrubu yake huziba hewa, hivyo huongeza kiwango cha mafuta kwenye mchanganyiko badala ya kukipunguza.

Iwapo pipa la kabureta, sehemu inayozunguka kufungua na kufunga njia ya hewa, limeganda kwa mafuta ya mbarika yaliyokauka, lipashe joto taratibu. Usililazimishe kwa koleo.