Namba 4,294,967,297 na kigawo chake 641
Ukichukua 2 kwa kipeo cha 32 kisha ukaongeza 1, unapata 4,294,967,297, namba ambayo mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliiamini kuwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa kuwa zilizoitangulia katika mfuatano wake (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukiongeza 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641 bila baki, na jibu ni 6,700,417.

Kinachonivutia zaidi ni wepesi wa kulithibitisha jambo hili bila kikokotoo. Namba 641 ni sawa na 5 × 2⁷ + 1, na pia ni sawa na 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, tukitazama mabaki ya kugawanya kwa 641 peke yake, 5 × 2⁷, yaani 640, ni sawa na −1 (imepungua 1 tu kufika 641), na tukipandisha pande zote mbili kwa kipeo cha 4, tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1; lakini 5⁴ yenyewe ni sawa na −2⁴, hivyo −2³² ni sawa na 1, maana yake 2³² + 1 haiachi baki lolote.

Wala kuitafuta 641 si kupapasa gizani. Kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, huacha baki la 1, na tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, ya tano tu katika foleni.