Demeter, Mungu wa Kike Aliyeizuia Nafaka

Demeter, mungu wa kike wa kilimo na mavuno katika dini ya Wagiriki wa kale, huelezwa mara nyingi kama mama mpole mwenye masuke ya ngano mkononi, na kisa chake hufupishwa kuwa maelezo ya majira ya mwaka. Sikubaliani na ufupisho huo. Katika utenzi wa kale wa kumsifu, wenye mistari 495 na uliotungwa takribani karne ya 7 au ya 6 KK, tunamkuta mungu aliyemlazimisha Zeus, mkuu wa miungu wote, kurudi nyuma katika uamuzi wake, na silaha aliyoitumia ilikuwa nafaka.

Zeus alikuwa kaka yake Demeter na pia baba wa binti yake, Persephone. Bila kumshauri mama, alimwoza binti huyo kwa Hades, mtawala wa kuzimu. Persephone alikuwa akichuma maua na wenzake ardhi ilipopasuka, akanyakuliwa. Kwa siku tisa Demeter alimtafuta akiwa na mienge mikononi, bila kula wala kuoga, mpaka Helios, mungu wa jua, alipomweleza ukweli. Hapo huzuni yake ikachanganyika na ghadhabu. Aliwaacha miungu wenzake, akajigeuza kikongwe, akafika Eleusis, karibu na Athens, na kuketi kando ya kisima, ambako mabinti wa Keleos, mmoja wa wakuu wa mji, walimkuta na hatimaye wakampeleka kwao awe mlezi wa ndugu yao mchanga, Demophon. Alipopewa divai aliikataa, akaomba maji yaliyochanganywa na shayiri na mnanaa. Kila usiku alimlaza mtoto yule motoni kwa siri ili amwondolee mauti, lakini Metaneira, mama wa mtoto, alichungulia, akapiga mayowe, na kazi yote ikaharibika. Hakuna sehemu inayonigusa kuliko hii, kwa maana aliyenyang'anywa mwana na bwana wa wafu alikuwa anajaribu kumwokoa mwana wa mwingine asije akafa kamwe.

Ndipo alipojengewa hekalu, akajifungia humo, na mwaka mzima mbegu hazikuota. Ng'ombe walikokota majembe bure, na shayiri ilianguka udongoni bila faida. Utenzi unasema waziwazi kilichomtisha Zeus: wanadamu wangekufa kwa njaa, na wakifa wao, miungu wangekosa sadaka. Alimtuma Iris, mjumbe wake wa kike, kisha akawatuma miungu mmoja baada ya mwingine wakiwa na zawadi, na wote wakakataliwa. Mwishowe Hermes, mjumbe wa miungu, alishuka kuzimu kumleta Persephone, ingawa kwa kuwa Hades alikwisha kumlisha punje ya komamanga, binti huyo alipaswa kurudi huko kwa theluthi moja ya kila mwaka.

Katika utenzi huu Demeter hawafundishi watu kulima, kwa kuwa tayari wanalima. Anachofanya ni kuwaonyesha miungu kwamba utukufu wao unategemea shamba. Hadithi ya Triptolemos, aliyesambaza mbegu duniani akiwa katika gari lenye mabawa, ilipendwa sana Athens, ila hapa yeye ni mmoja tu wa wakuu wa Eleusis waliofundishwa na Demeter ibada zake za siri.

Ibada hizo ziliwapokea wanawake na hata watumwa, mradi wajue Kigiriki na wasiwe na hatia ya kuua, na waliozishiriki waliahidiwa hali njema baada ya kifo. Zilikoma mwishoni mwa karne ya 4 BK, Theodosius, mfalme wa Roma, alipopiga marufuku dini za kale.

Hata hivyo, wakulima wa Eleusis hawakumwacha Demeter. Mwaka 1801 msafiri Mwingereza, Edward Daniel Clarke, alichukua hapo sanamu kubwa ya marumaru ambayo wanakijiji waliizungushia samadi, wakiamini kwamba ndiyo iliyoyapa mashamba yao rutuba. Walipinga isiondolewe, lakini Clarke alikuwa na kibali cha watawala wa Kiosmani, Waturuki waliotawala Ugiriki wakati huo. Leo sanamu hiyo imo katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, na wataalamu wanasema ni ya mwanamke aliyebeba kikapu kitakatifu kichwani, wala si ya Demeter mwenyewe. Mimi naona wanakijiji wale walikuwa na haki kubwa zaidi juu yake.