Keki ya cherehani: kumbukumbu ya mradi, kutoka bomba hadi dhahabu

Kazi yenyewe ni keki ya umbo la cherehani nyeusi ya kizamani, ile yenye maua ya dhahabu ubavuni, kwa rafiki anayemaliza kozi ya ushonaji. Sherehe ni Jumamosi jioni, Dar es Salaam, mwezi Machi: joto la nyuzi 31 au 32 na hewa nzito ya unyevu. Walaji kama 30. Rangi na maua ndiyo yatakayosifiwa, lakini keki ya namna hii huharibiwa na vitu viwili, uzito na maji, na karibu kazi yote ya wiki ni kupambana navyo.

Jumatatu: kipimo na mifupa

Picha ya kufuatia ipigwe mbele ya cherehani halisi. Za mtandaoni nyingine zimegeuzwa kama kwenye kioo. Ukikaa kushona, sindano iko kushoto na gurudumu kulia. Wageni wa safari hii ni mafundi, hawatakusamehe.

Chora ukubwa kamili kwenye karatasi. Kitako sm 30 kwa 13, kimo sm 5. Nguzo sm 7 kwa 7, kimo sm 12. Mkono sm 24, unene sm 5, na kichwa kinashuka sm 8 kwenda kwenye sindano.

Mifupa ni bomba la PVC la nusu inchi: flanji (sahani ya kushikia bomba) iliyokazwa kwa skrubu kwenye plaiwudi ya mm 12 (sm 45 kwa 35), bomba la kusimama, tii (kiungo cha umbo la T) juu yake, kisha elbo (kiungo cha kona) upande wa kushoto inayoangalia chini. Tii ni bora kuliko elbo pale juu, kwa sababu tundu lake la kulia linabeba kipande kifupi cha bomba ambacho gurudumu litavikwa. Bomba la kusimama ni kama sm 17. Flanji na tii huongeza kidogo, kwa hiyo unganisha, pima, ndipo ukate.

Kila kiungo kipigwe skrubu moja fupi. Bomba lililobanwa kwa mkono tu huzunguka polepole chini ya uzito, na asubuhi unakuta sindano imelala juu ya kitako. Gundi ya mabomba usiiguse: ina harufu kali, na mifupa haitafunguka wakati wa kukata. Bomba lote lifungwe foili, maana halikutengenezwa kugusana na chakula.

Jumanne: mkono na gurudumu

Mkono hauwi keki. Keki iliyovikwa bomba la kulala hupasuka chini na kudondoka. Hapa inatumika Rice Krispies (nafaka ya mchele iliyofutuka) g 170, na marshimelo (peremende laini) g 280 zilizoyeyushwa pamoja na siagi g 30. Siagi ikizidi, mchanganyiko unalegea. Nafaka ivunjwevunjwe kidogo kwanza ili uso utoke laini. Paka mikono mafuta na ukandamize kwa nguvu ungali moto, kuzunguka mkono wa bomba uliokwisha kuunganishwa na tii na elbo. Pale penye skrubu ya tii acha wazi. Ukishapoa, chonga kwa kisu cha mkate. Marshimelo nyingi zina jelatini, na asili yake hutofautiana, hivyo kwa wageni Waislamu tafuta paketi yenye alama ya halali kabla hujaanza.

Gurudumu: fondanti (donge laini la sukari la kufunikia keki) g 250 na kijiko kimoja cha chai cha CMC (unga wa kuikaza), duara la sm 9, unene sm 1, tundu la mm 23. Bomba lina kama mm 21 kwa nje, lakini fondanti husinyaa ikikauka. Lilaze juu ya sponji kavu, ligeuze asubuhi na jioni. Hewa ya Pwani haikaushi, kwa hiyo liweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka.

Jumatano: nyeusi

Fondanti kilo 1. Usitie rangi nyeusi kwenye nyeupe. Utamaliza kopo, ladha itakuwa chungu na meno ya wageni yatakuwa ya buluu. Kanda kwanza kakao vijiko vya mezani 3 na kijiko cha chai cha mafuta mgando ya kupikia (kakao hukausha), upate kahawia iliyoiva, ndipo rangi nyeusi ya jeli. Rangi ya maji huifanya inate. Ikibaki kijivujivu, funga kwa nailoni uiache hadi kesho, itakolea yenyewe.

Alhamisi: keki

Keki ya aina ya Madeira, kwa sababu inachongeka: siagi g 350, sukari g 350, mayai 6, unga wa ngano g 525, baking powder vijiko vya chai 3. Trei ya sm 30 kwa 20, nyuzi 160, dakika 55 hadi 65. Majarini ya kupaka ina maji mengi na keki yake humeguka kisuni. Ipoe usiku kucha. Ukanda wa sm 13 ni kitako. Ule wa sm 7 unatoa vipande vinne, vitatu vya nguzo na kimoja cha kuziba mapengo.

Ijumaa: kupanga na kufunika

Ganashi, ya kupaka keki kabla ya fondanti: chokoleti nyeusi g 750 kwa krimu g 300. Ile 2 kwa 1 ya kwenye vitabu hulegea kwenye joto hili, na krimu ya siagi ndiyo usiifikirie kabisa.

Toboa kitako, kipitishe kwenye bomba, chomeka mirija minne minene ya kunywea chini ya nguzo na uweke kibao chembamba chenye tundu. Bila hivyo nguzo inazama. Kisha vipande vya nguzo, halafu mkono na skrubu yake. Ganashi igandie chumba chenye kiyoyozi, si friji: keki baridi hutoa jasho chini ya fondanti na kuifanya iteleze.

Sukuma fondanti unene wa mm 4 juu ya meza iliyopakwa mafuta. Unga wa mahindi au wa sukari huacha madoa meupe yasiyofutika vizuri kwenye nyeusi. Kitako kwanza, nguzo, mwisho mkono. Kiungo kifichwe upande wa nyuma.

Jumamosi: dhahabu na safari

Poda ya dhahabu ya kuchorea maua iandikwe kuwa inalika. Iliyoandikwa tu kwamba haina sumu ni ya mapambo ya kuondolewa. Ukiichanganya na maji, sukari inayeyuka na mstari unachirizika. Wengi hutumia pombe kali kwa kuwa huruka haraka. Asiyetaka achanganye na mafuta mgando yaliyoyeyushwa, ila hayakauki kabisa, basi usiguse tena. Sindano ni tambi moja iliyopakwa fedha. Chuma na vijiti vya meno havimo. Kitenge chini ya sindano ni fondanti ya mm 2, rangi kwa brashi.

Gurudumu lisafiri kwenye kopo lake, livikwe ukumbini. Boksi likae sakafuni mwa gari, kiyoyozi kimewashwa, na lisifunguliwe mpaka keki izoee joto la ukumbi.

Mkataji apewe karatasi: toa gurudumu, fungua skrubu ya tii, inua mkono mzima pembeni, vuta nguzo juu pamoja na kibao, chomoa mirija minne na uihesabu. Kitako kinatoa vipande 22 vya sm 2.5 kwa 6.5 ukiacha penye tundu, na nguzo inaongeza vya kutosha waliobaki.