Bima ya pamba ya umwagiliaji: nilivyofikia uamuzi

Wakulima wenzangu walikuwa na jibu tayari: mwenye pampu na mfereji bima ya nini? Mimi sikuridhika. Anayemwagilia huzika fedha nyingi shambani kabla ya kuchuma hata kilo moja: nishati ya pampu, mbolea, dawa, vibarua. Zao likiharibika, hasara yake ni kubwa kuliko ya anayengoja mvua.

Nikafungua daftari la misimu iliyopita kuona kila msimu mbovu uliharibiwa na nini. Ukame ulijitokeza mara chache. Kilichoniumiza zaidi ni mvua iliyokuja vitumba vimeshapasuka: pamba ikalowa, nyuzi zikaingia madoa, mnunuzi akashusha daraja. Kulikuwa pia na mvua ya mawe na funza wa vitumba. Hayo yote pampu haiyazuii.

Hapo ndipo nilipoweza kuzipima bima mbili nilizoletewa. Ya kwanza hufuata kipimo cha mvua: ikipungua chini ya kiwango kilichowekwa, unalipwa bila mtu kuja kukagua shamba. Inamfaa sana anayetegemea mvua. Kwangu ingelinda kile ambacho mfereji unakilinda tayari, na pamba ikiozea shambani kwa mvua nyingi nisingepata kitu. Nikaiacha.

Ya pili ni ya mavuno. Wanachukua wastani wa mavuno yako, kisha unachagua kinga ya asilimia fulani. Ukichagua asilimia 70, na wastani wako ni kilo 1,000, unalipwa pale tu unapovuna chini ya kilo 700. Zile 300 za kwanza unazibeba mwenyewe. Hesabu hii niliirudia sana. Nikipungukiwa kilo 200, nitashindwa kulima msimu ujao? Hapana. Nikibaki na kilo 400? Mkopo haulipiki. Basi nikaichagua hiyo ya pili.

Kabla ya kusaini nilisoma kila kifungu kinachogusa maji. Chanzo kikikauka kwa ukame, fidia ipo. Pampu ikifa kwa kukosa matengenezo, hakuna. Tangu hapo risiti za fundi nazitunza zote. Nikauliza pia kuhusu pamba iliyoshuka daraja, kwa sababu kilo zinaweza kutimia na fedha isitimie, na jibu nilitaka liandikwe ndani ya mkataba. Likaandikwa. Na shamba likiharibika, nisiling'oe wala kulilima upya mpaka mkaguzi afike.