Ukoko wa Infanta

Wiki tatu nilizokaa Los Baños, Ufilipino, mwaka 2012, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, nilisoma kwa Kiingereza. Lugha ile ina neno moja tu kwa kitu ambacho mimi nimekijua kwa majina matatu tangu utotoni. Shambani ni mpunga, guniani ni mchele, sahanini ni wali. Mwalimu akilitamka neno lake lile moja, mimi nabaki nyuma kidogo nikitafuta anakusudia kipi, na nikishakipata keshafika mbele. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni Kiingereza changu tu hakijakaa sawa.

Jumamosi moja mwenzangu wa darasani, bwana shamba mzaliwa wa Infanta katika mkoa wa Quezon, akaniambia, "Twende kwetu ukaone mpunga wa watu. Huu wa hapa kila shina lina kibao chake."

Tulipanda jipni, daladala za kule, tukashuka, tukapanda nyingine. Kutokea mji wa Famy barabara inaipanda milima ya Sierra Madre, inajikunja ndani ya misitu hadi tumbo linakuzunguka, kisha inateremka Real na bahari ya Pasifiki inakutokea yote mara moja. Kutoka hapo unaifuata pwani kwenda kaskazini. Ng'ambo ya mlango wa bahari kisiwa cha Polillo kinaonekana kama wingu lililotua majini. Infanta yenyewe imekaa kwenye tambarare ambayo mto Agos umeijenga kwa udongo wa milimani: mpunga katikati, minazi pembeni, na kule chini maji yanapochanganyika, nipa, mitende ile ya tope wanayoezekea nyumba na kugema tembo lake. Wakati ule mji ulikuwa na watu zaidi ya 60,000, wamegawika katika barangay, ambayo ni kama shehia kwetu.

Upande wa Dinahican zilipangwa bangka, vyombo vyembamba vyenye mianzi kila ubavu. Nilisimama nikazitazama muda mrefu. Mimi ni mtoto wa Micheweni, Pemba, nimekulia kwenye ngalawa, na matengo yale niliyajua kabla sijaambiwa ni nini. Nilikwisha kusoma kwamba ngalawa yetu ina nasaba na watu waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya upande ule, zamani sana. Lakini kusoma ni jambo moja. Siku ile niliweka mkono juu ya mwanzi na mwenzangu akaningojea bila kuniharakisha.

Nyumbani kwao tulipokelewa na mama yake. Wote wanamwita Nanay, nami nikamwita hivyo hivyo. Mwenzangu aliuchukua mkono wa mama yake akaugusisha kwenye paji la uso wake, "Mano po." Nikafanya kama alivyofanya. Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa humbusu mkono, basi mwili wangu ulijua njia. Nanay akanishika bega, akasema neno moja, "anak". Sikuhitaji kutafsiriwa.

Mavuno yalikuwa yameanza. Njia ya saruji mbele ya nyumba ilikuwa imeanikwa mpunga nusu nzima, na pikipiki zilipita ile nusu iliyobaki. Jioni baba yake, Tatay, alitupeleka jarubani akiwa na koleo. Nilikuwa nimeuliza kuhusu udongo, kwa namna tulivyofundishwa kuuliza, nikitaja tindikali na chumvi. Hakujibu. Alichimba shimo kwenye pembe ya jaruba, kina cha goti, akasogea pembeni ili nione.

Juu palikuwa na tope jeusi jembamba. Chini yake mchanga wa kijivu wenye nyuzi za mti ndani yake, unene wa zaidi ya shibiri. Chini ya mchanga, udongo mzito wa mfinyanzi, mweusi kama wa bonde letu. Tatay akautia kidole ule mchanga. "2004," alisema.

Usiku wa tarehe 29 Novemba mwaka ule mvua ya dhoruba waliyoiita Winnie iliangukia milima ambayo miti yake ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi, na miteremko ikaporomoka. Mto Agos ulibeba maji, tope na magogo, ukavitupa vyote juu ya mji. Katika dhoruba zilizofuatana siku zile waliokufa na kupotea walipita elfu moja, wengi wao katika miji mitatu ya pwani ile: Real, Infanta na General Nakar. Barabara tuliyoijia ilifunikwa na maporomoko, misaada ikaja kwa helikopta na kwa bahari. Hayo niliyajua kwa kuambiwa na mwenzangu njiani. Tatay alisema mambo mawili tu. La kwanza, magogo mengine yalikuwa na alama ya msumeno kichwani. La pili, ilimchukua misimu mitano kuirudisha jaruba ile, na kwamba udongo mweusi wa chini ndio aliorithi kwa baba yake, huu wa juu ni wake mwenyewe. Kisha akalifukia shimo kwa uangalifu, kama mtu anayefunika chakula.

Usiku nilimkuta Nanay jikoni amekalia kigoda chenye chuma cha meno mbele, anakuna nazi. Mbuzi! Nililisema kwa sauti. Kwao ni kudkuran. Nilimwomba kwa ishara anipishe, naye akakataa, kisha akakubali kwa kuninyanyukia nusu. Utotoni nilikuwa mkunaji wa bibi yangu, na mkono haujasahau kuzungusha kifuu ili usifike kwenye ganda jeusi. Nanay alitia kidole kwenye chicha, akakitazama, akaita jirani zake waje waone.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na mwenzangu aliyekuwa akitafsiri akakaa pembeni. Nanay aliinua nazi: niyog. Nazi, nikasema. Akakamua: gata. Tui. Tui zito la mwanzo lina jina lake kwao, kakang gata, kama lilivyo na jina letu. Akaniletea dafu: buko. Samaki alipikwa kwa tui na majani ya malunggay, ambayo ni mlonge ule ule unaoota uani kwetu, na kando palikuwa na matembele. Kisha akachota punje zenye maganda kutoka kwenye gunia la kona, akaziweka kiganjani mwangu. "Palay."

"Mpunga."

Akatia mkono kwenye ndoo. "Bigas."

"Mchele."

Akafunua sufuria, mvuke ukatoka. "Kanin."

"Wali," nikasema, na koo likanibana, kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa nimejilaumu bure. Wakulima huwa na maneno matatu kwa kuwa kati ya neno na neno kuna kazi ya mikono ya mtu. Nanay hakujua yaliyonipata lakini alinipa kitambaa.

Tulipokwisha kula alikwangua chini ya sufuria. Tutong, alisema. Ukoko. Alilirudia neno langu mara tatu, ukoko, ukoko, ukoko, na watoto wa jirani wakalichukua. Halafu akanyamaza, akamwambia mwanawe jambo, naye akanitafsiria taratibu. Siku zile za magogo walilala juu ya sakafu ya shule watu wa nyumba nne, wakiwa na sufuria moja. Mchele ulipopungua Nanay alikuwa akiuacha uungue makusudi, kwa sababu ukoko hutafunwa muda mrefu na mtoto hudhani amekula kingi.

Nanay akaniuliza swali. Mwenzangu alifikiri kidogo kabla ya kulitoa. "Anauliza mto wa kwenu unatoka mlima gani."

Nikamwambia Pemba hatuna milima, ni vilima tu. Maji tunayoyaogopa yanapanda kutoka baharini, yanaingia bondeni kila mwaka mbele zaidi, na yakishaingia mpunga unakauka ncha, kisha unakauka wote. Nikamwambia bibi yangu kabla ya kupandikiza alikuwa akichota maji ya jaruba kwa kiganja, anayaonja, anatema, na sisi wajukuu tunautazama uso wake tujue kama mwaka ule tutalima au hatulimi. Mwaka aliofariki alikuwa hajapandikiza kwa misimu miwili.

Mwenzangu alipomaliza kutafsiri, Tatay aliyekuwa mlangoni akasema neno moja, "Maalat." Yana chumvi.

Nanay hakusema kitu. Alivuta sufuria, akakwangua ukoko wote uliobaki, wa kwake na wa watoto, akaumimina kwenye sahani yangu, akaisukuma mbele yangu kwa mikono miwili.

"Kain pa, anak." Kula tena, mwanangu.