Nilimwambia bosi nime-plummet kwenye ngazi

Mlioko ughaibuni mtanielewa. Wiki ya kwanza kazini nilichelewa, nikamwambia supavaiza eti asubuhi nime-plummet kwenye ngazi. Jamaa akashtuka, akauliza umedondoka kutoka gorofa ya ngapi na hospitali umeshaenda, wakati mimi nimesimama mbele yake na goti limechubuka kidogo tu maana niliteleza vidaraja viwili vya mwisho.

Neno lenyewe nililidaka kwenye utabiri wa hali ya hewa, baridi ikianza tu yule dada wa kwenye tivii anasema "temperatures will plummet", basi nikajua plummet ni kuanguka, kwisha. Kumbe ni kuporomoka kwa kasi kutoka juu sana, kitu kinashuka tu wala hakishikiki. Jiwe likiachiwa darajani lina-plummet, hisa sokoni, nyuzi joto, umaarufu wa mwanasiasa aliyekamatwa na kashfa. Ukijikwaa we sema "I fell", inatosha. Binadamu naye anaweza ku-plummet ila hapo ujue ni mlimani au parachuti limegoma kufunguka, na habari hiyo huwa haiishi vizuri.

Lililonisaidia kulishika ni asili yake aisee. Limetoka Kifaransa cha zamani, plommet, kipande kidogo cha risasi, na nyuma yake kuna Kilatini plumbum, ndo maana kwenye kemia risasi (ya metali, siyo ya bunduki jamani) inaandikwa Pb. Kile kipande kilifungwa kwenye kamba, mwashi akapimia ukuta kama umesimama wima, baharia akapimia kina cha maji. Sasa si ndo timazi hiyo! Na kwa wavuvi ni chubwi. Iachie chubwi majini uone inavyozama, haina salamu. Hata plumber, fundi bomba, ni wa ukoo huohuo kwa sababu mabomba yalikuwa ya risasi, na ile b yake haitamkwi, nayo ilinitesa miezi.

Halafu huwezi ku-plummet kitu. Bei zina-plummet zenyewe, ila muuzaji akizipunguza yeye sema "cut" au "slash". Na plummeted inaandikwa t moja kabla ya ed, mkazo uko mwanzoni mwa neno.

Supavaiza hajasahau mpaka leo, nikichelewa tu anauliza, gorofa ya ngapi safari hii?